Kigae cha Nyuma

Nimeichora Kibokoni kwa vigae,
pikseli kumi na sita kwa kumi na sita kila kimoja,
na tangu Jumatatu nimekwama
nyuma ya nyumba ya Bi Salha.

Jicho la gemu liko juu, kama la kunguru wa Marikiti,
ila kunguru huyu mwongo:
aliona paa lote, na papo hapo
akauona mlango, misumari yake,
hata kufuli lililokula kutu.
Hakuna kiumbe aonaye hivyo.
Ukiwa juu ya paa, mlango huuoni;
ukiwa mlangoni, paa ni la Mungu na paka.
Nami nimevilaza vyote viwili ubapa
kama sanduku la viatu lililokunjuliwa.

Shali, mwana wa dadangu, ana miaka tisa,
ndiye mkaguzi wangu; mshahara wake viazi karai.
"Mjomba, nimegonga hewa."
Kweli. Penye rangi ya nyumba, pote,
nilikuwa nimeandika moja.
Moja ni ukuta, sifuri ni njia.
Na paa nikaliandika moja,
kana kwamba paa hukanyaga ardhi!
Kikaacho chini ni msingi, safu mbili tu za vigae.
Kilichobaki ni cha macho, si cha miguu.

Nikafuta. Sasa mtu apita nyuma:
kichwa chamezwa na paa,
kisha bega, kisha kikapu cha ndimu,
na baada ya hatua nne
atoka upande wa pili, kikapu kwanza.

Lakini hatua nne nilizikisia.
Jumatano nikaenda kupima kwa nyayo.

Nakikumbuka kile kichochoro:
upana wake mabega mawili na haya kidogo.
Mkikutana, mmoja hujibana ubavu,
pua ikagusa chokaa,
"nipishe," "pita," na harufu ya mafuta ya nazi
ikabaki shatini hadi magharibi.
Gemu halina ubavu.
Mtu yumo kigaeni au hayumo.

Na wikio je? Kile chumba kilichoruka njia
kutoka dari ya Bi Salha hadi dari ya wifi yake?
Chini hupita hamali na mitungi,
juu hupita sinia ya mahamri
bila mguu kugusa njia ya watu.
Mahali pamoja, na salamu mbili zisizokutana.
Nikiandika moja, hamali atagonga kichwa.
Nikiandika sifuri,
wifi ataanguka na mahamri yake.

Nilipofika, sikuwa na cha kupima.
Mwenye jengo jipya ameliweka tangi la maji
palepale kinywani mwa kichochoro,
na matofali, na mlango wa bati wenye kufuli jipya.
Nikasimama, wayo mmoja mbele ya mwingine,
kama mtu aliyesahau kucheza.

Bi Salha alikuwa dirishani.
"Hapo pana njia."
Hakusema *palikuwa*.
"Naijua, Bi."
"Waijua vipi usiijue! Si ndiyo uliyokuwa ukitorokea chuoni?"
"Ndiyo hiyo."
"Basi iandike. Na mimi usinijengee ukuta huko kwenye hicho kioo chako."

Usiku nikaandika sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.
La wikio sijalimaliza; nimeliweka kando
pamoja na deni la stima.

Leo Shali ameishika rimoti,
akampeleka mtu wake nyuma ya nyumba.
Paa likamfunika. Nikangoja
upande wa pili, penye baraza, atokee.
Hakutokea. Vidole vya Shali vimetulia.

"Umekwama tena?"

"La. Nimepumzika.
Huku nyuma pana kivuli."

Nimefungua faili zote, moja baada ya moja.
Sijachora kivuli.